Mume na Mke kwenye Konkuru Moja

Tangazo la konkuru, ule mtihani wa kuajiri maafisa wa misitu, tulilisikia pamoja, mimi na mume wangu, tukinywa chai asubuhi. Redio ilikuwa juu ya kabati. Mtangazaji alisoma polepole: wenye diplome ya kilimo, ya misitu au ya mazingira walete dosye zao za maombi kwenye ofisi za jimbo hapa Bunia. Nafasi ni chache, alisema, na hakuna atakayeingia bila kufanya mtihani.

Mume wangu akaweka kikombe chini. Sisi wote wawili tulisoma misitu. Tulijuana katika shamba la miche la chuo, tukijaza udongo kwenye vifuko vyeusi vya plastiki, na hata baada ya kuoana tuliendelea kuzungumza habari za miti kama watu wengine wanavyozungumza habari za mpira. Yeye alikuwa anafundisha biolojia kwenye shule ya sekondari. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga, na mbele ya nyumba yetu katika mtaa wa Ngezi nilikuwa nikiotesha miche ya mikaratusi na ya miparachichi kwa kuuza.

"Tunaenda," akasema.

"Tunaenda," nikasema.

Wala hatukuona ajabu yoyote ndani yake. Aliyeona ajabu ni mama mkwe.

Mama mkwe wangu alikuwa akiishi nasi tangu alipokimbia vita kule Djugu. Ni mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono ya kulima. Alinifuata nyuma ya nyumba nikiosha vyombo, akavuta kiti kidogo, akakaa karibu na beseni.

"Mama mutoto, nimesikia munaenda wote wawili."

"Ndiyo, mama."

"Konkuru moja?"

"Moja, mama."

Alichukua sahani moja akaanza kuipangusa, ingawa ilikuwa imeshapanguswa.

"Sasa mutu na bibi yake watapigania kiti kimoja namna gani? Weye uko na akili, najua. Ukimupita, yeye atasimama wapi mbele ya watu? Umuachie hii. Weye utaenda mara ingine."

Sikukasirika. Najua alivyompenda mtoto wake, na najua kwamba katika yote aliyoyapoteza, yeye ndiye aliyebaki mkononi. Lakini nilikuwa na jibu, na nililisema kwa heshima.

"Mama, nikijitoa, kiti changu hakitahamia kwake. Kitaenda kwa mutu mwingine kabisa, mwenye hatumujui. Tukienda wawili, nyumba yetu iko na bahati mara mbili."

"Unajibu kama avoka anatetea mutu kwa tribunali," akasema. Akachukua sahani zake akaingia nazo ndani.

Jioni nilimweleza mume wangu. Kwanza alicheka. Halafu aliacha kucheka akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, "Na weye unataka nini?"

"Nataka kuingia."

"Basi. Nitaongea naye." Sijui alimwambia mama yake maneno gani, ila tangu siku ile mama mkwe hakulirudia jambo hilo. Aliacha pia kuniuliza habari za masomo. Tukifungua vitabu, yeye alitoka nje.

Tulisoma mchana, yeye akisharudi kutoka shuleni na mtoto akilala, na Jumapili baada ya kutoka kanisani. Mume wangu alikuwa hodari wa sheria. Alikuwa na fotokopi ya sheria ya misitu, na alinisomea vipengele vyake kwa sauti yake ya darasani, akisimama kila mara na kuuliza, "Nimesema nini?" Mimi sheria iliniletea usingizi, lakini kwa sauti yake ilinikaa. Upande wa miti, mwalimu nilikuwa mimi. Nilimpeleka kwenye soko la mbao, kule magari yanakoshusha mzigo kutoka upande wa Mambasa, nikamsimamisha mbele ya rundo moja baada ya jingine. Nilitaka ajue mti hata ukiwa hauna tena jani wala ganda. Nilimwambia apapase, anuse, atazame mishipa ya mbao upande uliokatwa.

Muuzaji mmoja alituvumilia kwa muda mrefu, mwishowe akauliza, "Munanunua, ao munanusa tu?"

"Leo tunanusa," nikamwambia. "Siku ingine tutauliza karatasi za hizi mbao." Alicheka, akatuonyesha rundo jingine.

Mume wangu alichanganya. Mbau, mti mgumu wa msituni, aliijua; libuyu, ile mbao nyekundu ya bei kubwa isiyokatwa bila kibali, aliijua asubuhi na kuisahau jioni. Mimi sikuchanganya. Kwa kweli katika wiki zile nilikuwa na utulivu ambao sijawahi kuwa nao mbele ya jambo kubwa namna ile. Nilijua nitaingia, kama mtu anavyojua kwa kuonja kwamba chumvi imetosha. Nilipofikiri habari za mume wangu, hapo ndipo utulivu ulipopungua kidogo.

Ulikuwapo pia mtihani wa mbio. Nilianza kukimbia alfajiri kuzunguka uwanja, nimevaa suruali ya zamani ya mume wangu niliyoipunguza kiunoni. Siku ya kwanza mama mkwe aliniona nikitoka, akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Pantalo," akasema.

"Mama, siwezi kukimbia na kitenge."

"Sijasema kitu. Nimesema pantalo." Lakini nilipoondoka alimchukua mtoto akamfunga mgongoni, na kila asubuhi baada ya hapo alimchukua bila kuombwa.

Siku ya mtihani wenyewe ilikuwa ya jua kali. Walituweka katika shule kubwa yenye ukuta, na umati ulikuwa mpaka barabarani. Vijana wenye mashati yaliyopigwa pasi, watu wazima waliochoka kusubiri kazi, na wanawake wachache sana. Tuliokuwapo tulisalimiana kwa macho. Mume wangu aliitwa kwenye chumba kimoja, mimi kingine. Kabla ya kuachana alinishika mkono, akasema, "Usinifikirie. Andika." Nikamwambia na yeye vilevile.

Mtoto wetu alikuwa bado ananyonya. Tulikubaliana kwamba mama mkwe abaki naye nyumbani ampe uji, maana wasimamizi walitangaza kwamba hakuna kutoka nje mpaka mitihani yote ya siku hiyo iishe. Karatasi ya kwanza niliimaliza vizuri. Tulikuwa tumeanza ya pili, maswali ya sheria, niliposikia sauti ya mama mkwe kutoka upande wa lango, akibishana na polisi.

"Hapana kuingia, mama," polisi alikuwa anasema.

"Siko naingia konkuru. Niko naleta mutoto kwa ziwa la mama yake. Amekataa uji."

"Kandidati hawatoki."

"Sijaomba atoke. Nimeomba mutoto aingie."

Darasa zima liliinua vichwa. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Msimamizi wetu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, aliniuliza kama mtoto yule ni wangu. Nikasema ni wangu. Akauliza kama yule ni mama yangu.

"Ni mama ya bwana wangu," nikasema.

Alifikiri kidogo, kisha akatoka mwenyewe mpaka langoni. Aliporudi alikuwa nyuma ya mama mkwe, na mama mkwe alikuwa anatembea kama mtu aliyealikwa. Msimamizi akaagiza nikae kwenye veranda, mbele ya mlango, mahali anapoweza kuniona, karatasi yangu ibaki juu ya meza. Hakuna dakika utakazoongezewa, aliniambia. Nikamwambia sihitaji nyongeza.

Mama mkwe alikunjua kitenge chake akasimama kati yangu na uwanja, ili wapita njia wasinione. Mtoto alinyonya kwa pupa, akitoa jasho. Mimi akili yangu ilikuwa kwenye swali nililoliacha mezani: afisa akikamata mbao zisizo na kibali, anaanza na nini, na anaandika nini? Sauti ya mume wangu ilikuja kichwani, na kila kipengele kikaja kwa zamu yake.

"Mutihani iko mubaya?" mama mkwe akauliza, bila kugeuka.

"Hapana, mama. Iko muzuri."

"Na yake?"

"Sijui. Yuko chumba kile cha mwisho."

Alitazama kile chumba kwa muda. Kisha alimtoa mtoto mikononi mwangu kabla hajamaliza kushiba vizuri, akamweka begani.

"Rudi ndani," akasema. "Usipoteze wakati."

Baada ya karatasi kulikuwa na meza ya vipande vya mbao na majani makavu, tuyataje majina. Nilipita kwenye ile meza kama napita sokoni. Siku iliyofuata tulikimbia, na nilifika mbele ya wanaume wengi. Mwisho tukaitwa mmoja mmoja mbele ya watu watatu waliokaa nyuma ya meza ndefu. Waliuliza habari za uchomaji wa makaa, za mashamba yanayosogea ndani ya msitu, za watu waliokimbia vita na kukata miti ya kupikia kwa sababu hawana kingine. Kwa hilo la mwisho nilizungumza muda mrefu, maana watu hao nilikuwa nawajua kwa sura. Nilisema afisa anayekwenda kwa watu wale na daftari la faini tu hataokoa mti hata mmoja. Apeleke na miche.

Kisha mama aliyekaa katikati yao alifunga faili yangu.

"Hapa naona bwana wako pia ni kandidati. Tukisema nafasi imebaki moja, tumupe nani kati yenu?"

Nadhani alitaka kuona kama nitayumba. Lakini swali hilo nilikuwa nimeshajibu nyuma ya nyumba yetu, mbele ya beseni la vyombo.

"Mumupe mwenye pointi nyingi, madame," nikasema. "Tulikuja wawili kuzitafuta."

Aliandika kitu. Hakutabasamu, na sikuhitaji atabasamu.

Matokeo yalisomwa kwa sauti uani mwa ofisi za jimbo, baada ya majuma ya kusubiri. Tulisimama pamoja, bega kwa bega. Jina langu lilikuja mapema. Mume wangu alinibana mkono kwa nguvu, na hakuuachia. Tuliendelea kusikiliza. Majina yalipita, yakapita, na msomaji akakunja karatasi yake.

"Imeisha?" mume wangu akaniuliza, kana kwamba hakuona.

"Imeisha."

"Hongera," akasema. Sauti yake ilikuwa nzuri, ila ilitoka mbali.

Tulirudi kwa miguu, tukaacha wenye moto, zile pikipiki za abiria, watuite bure. Sikutafuta maneno ya kumpoza, yangemfanya mdogo. Nyumbani mama mkwe alikuwa mlangoni na mtoto. Alitutazama nyuso, na mume wangu ndiye aliyesema.

"Bibi yangu ameingia, mama. Miye hapana."

Mama mkwe alinipa mtoto. Akapita kati yetu, akaenda uani, tukasikia kuku wanakimbia na kupiga kelele. Alirudi ameshika jogoo kwa miguu.

"Ya nini, mama?" mume wangu akauliza.

"Ya mwenye amepita. Ulifikiri tutamupa maharagi?"

Tulikula vizuri siku ile. Lakini kwa siku kadhaa mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Alisahihisha kazi za wanafunzi wake, akaosha viatu vilivyokuwa safi. Nilimwacha. Siku moja, nikimwagilia miche, alikuja akachukua ndoo ya pili.

"Nisikudanganye, inaniuma," akasema. "Lakini siyo weye umeniumiza. Ni zile mbao zako. Nilichanganya karibu zote."

"Nilikuambia unuse."

"Nilinusa. Zote zilinuka mbao."

Tulicheka mpaka mama mkwe akatoka kutazama kuna nini. Tangu hapo tuliweza kulizungumza.

Nilipangiwa Aru, kwenye mpaka, ambako mbao zinapita kwenda Uganda. Watu wa kanisani walinishauri niombe kubaki Bunia. Mimi nilitaka Aru, kwa sababu huko ndiko kazi iliko. Mume wangu alitafuta shule huko akapata, na baada ya muda wanafunzi wake wakaanza kumfuata mpaka nyumbani na maswali. Anasema sasa hana hakika tena kama angependa kukaa barabarani kukagua magari ya mbao. Akija kubadili mawazo, konkuru nyingine itatangazwa. Mama mkwe alisema haendi popote, amechoka kuhama. Kisha siku ya safari tulimkuta amekaa juu ya mizigo, mtoto mgongoni, mbele ya gari.

Asubuhi yangu ya kwanza kwenye bariere, kizuizi cha kukagua magari, nilivaa yunifomu mpya, ngumu mabegani. Wenzangu wanaume walikuwa wamekwenda kunywa chai. Gari kubwa lilisimama, limefunikwa na turubai, na shofa akaruka chini akiwa na karatasi mkononi. Alinipita, akachungulia ndani ya ofisi, akarudi.

"Mama, shefu ya hapa iko wapi?"

"Uko naongea naye."

Alinitazama, akaitazama yunifomu, akanipa karatasi. Niliisoma yote bila haraka. Kisha niliomba afungue turubai upande wa nyuma, nikapanda kwenye tairi, nikaweka mkono juu ya ubao wa kwanza, ule uliokatwa karibuni. Karatasi ilisema mikaratusi. Chini ya mkono wangu ilikuwa libuyu.

"Zima mashini," nikamwambia. "Tutakaa hapa kidogo."