Mtamba wa Shukrani wa Pudensiana

Ukimwuliza mtu wa Mwamkulu, hapa Mpanda, Pudensiana ni nani, atakwambia ni yule mama wa Katumba anayeshukuru kupita kiasi. Umpe lifti ya baiskeli mpaka Makanyagio, wiki inayofuata utakuta maharage mlangoni pako. Umwazime jembe, litarudi limenolewa, na ndizi juu yake. Mimi ni jirani yake na tunasali jumuiya moja, na niseme ukweli, tabia hiyo ilikuwa inanichosha. Sisi Wafipa ukitupa kitu tunasema asante, yanaisha.

Alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, mwaka wa mauaji, wakafika huku na kupewa pori walifyeke. Walilifyeka. Wakalima mihogo na maharage mpaka sisi wa mjini tukawa tunakula jasho lao, lakini kwenye karatasi walibaki wakimbizi, na watoto waliowazaa hapa hapa nao wakimbizi. Kutoka nje ya makazi kulitaka kibali. Pudensiana ananiambia baba yake aliishukuru Tanzania kwa kila kitu, ardhi, shule, dawa, ila alikufa na huzuni moja. Kwao mtu huonekana ana watu siku anapopewa ng'ombe na mwenzake. Yeye alipewa vitu na serikali na mashirika. Mtu mwenye jina na uso hakuwahi kumpa ng'ombe.

Uraia ulipokuja, Pudensiana na mumewe Celestin walihamia Mwamkulu kulima mpunga. Haikuchukua muda Celestin akafariki, akamwachia binti mmoja, Leticia, na wadogo zake waliokuwa bado wanalilia uji. Ndipo siku moja mzee Luhende alipopita kwake na mtamba mweusi, akamfunga kwenye mti wa uani na kumwambia akae naye, watoto wapate maziwa. Akaendelea na safari yake.

Luhende ni Msukuma aliyeshuka huku zamani na ng'ombe wake kutoka Maswa. Mifugo yake ikivuka barabara, bodaboda huzima injini na kusubiri. Mtu kama huyo haweki ng'ombe wote zizi moja. Anawagawa kwa watu anaowaamini, huyu mmoja, yule wawili, ili ugonjwa ukiingia usimfagilie wote. Anayetunza anakunywa maziwa na kutumia samadi shambani. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na watoto wake pia, na mwenyewe akiridhika humwachia mtunzaji mmoja. Kwa Wasukuma jambo hilo halielezwi, kila mtu analijua toka utotoni. Kwa hiyo Luhende hakulieleza.

Pudensiana naye alikuwa na lake analolijua toka utotoni. Mtu amekuletea ng'ombe nyumbani, amekupa. Amekufanya mtu wake, na wewe utaishi ukilikumbuka hilo mpaka siku utakapoweza kumpelekea mtamba aliyezaliwa na yule yule, kwa wimbo na pombe. Kwao wanaita kwitura. Siku ile alilia mpaka nikadhani amefiwa tena.

Miaka ikapita hivyo. Luhende akipita alisimama, akampiga ng'ombe kibao cha mapenzi mgongoni na kuuliza anaendeleaje. Alikuwa anakagua mali yake. Pudensiana aliona mzee anafurahia zawadi aliyoitoa, akampokea kwa mikono miwili na kumkalisha kwenye kiti chake pekee cha mgongo. Luhende akaenda zake akisema mama yule ana heshima sana. Hakuna aliyemwuliza mwenzake ng'ombe ni wa nani, maana kuuliza hilo mbele ya mtu ni utovu wa adabu kwa Wasukuma na kwa Warundi vilevile.

Ng'ombe alibarikiwa. Alizaa dume, akazaa jike, baadaye ndama mwekundu. Dume aliuzwa Leticia alipokwenda chuo cha uuguzi; Luhende alipopita asimwone, alidhani yuko malishoni. Na Leticia alipopata kazi zahanati, Pudensiana aliniambia wakati umefika. Yule jike sasa alikuwa mtamba mzuri wa kung'aa. Tena Luhende alikuwa anamwoza mwanawe Nashon, watu watakuwepo, ashukuriwe hadharani.

Tukaenda, wanawake wa jumuiya nzima, Leticia akiwa na sare yake ya kazini. Mtamba alikuwa ameogeshwa na kuvishwa maua shingoni. Mimi nilibeba dumu la pombe ya ndizi, na padri asinihukumu. Pudensiana aliongoza wimbo wa Kirundi wa kumsifu mtoa ng'ombe. Sisi hatukuujua, tuliitikia tu pale alipovuta pumzi.

Nyumbani kwa Luhende kulijaa ng'ombe na wazee. Mahari ya Nashon ilitakiwa Kakese kwa wakwe zake siku iliyofuata, na mzee alikuwa anakusanya ng'ombe aliowagawa. Alipotuona alisimama akitabasamu.

"Umefanya vizuri kuja mwenyewe, mama Leticia," akasema. "Vijana walikuwa waje kwako mchana huu. Wengine umewaacha wapi?"

"Wengine gani, mzee?"

"Mama yake huyu. Na yule dume, na ndama mwekundu."

Wimbo ulikatika. Pudensiana alijibu polepole kwamba mama na ndama wako nyumbani, na dume alimuuza ili Leticia aende chuo. Hapo Mwandu, mdogo wake Luhende, akainuka na kusema kwa sauti kwamba mama huyu ameuza ng'ombe wa watu, na kwamba wageni ndivyo walivyo. Huyo Mwandu mwenyewe alikuja Mpanda juzi tu akitokea Shinyanga, na ulimi uliniwasha nimkumbushe. Luhende alimwashiria akae.

Kisha akamweleza Pudensiana desturi yao, kwa upole, kama mtu anayeshangaa inakuwaje lazima aieleze. Pudensiana alisikiliza ameshika kamba ya mtamba. Maua yale yakaanza kunitia aibu, nikatamani kuyavua. Leticia alimsogelea mama yake akasema dume yule ni juu yake, atamlipa kwa mshahara wake. Pudensiana akamzuia.

"Mzee, wote ni wako, nitawaleta leo," akasema. "Na dume nitamlipa mimi. Ila usione nalia ukadhani nalilia ng'ombe. Miaka yote hii, nikilala nikiamka, nimekuwa nikijiambia kuna mtu hapa Mpanda alinipa ng'ombe. Ndicho kilichonifanya nijione wa hapa, kuliko hata cheti cha uraia. Kumbe hakuna aliyenipa."

Mimi nilimlilia waziwazi, sina cha kuficha. Nyamizi, mke wa Luhende, alijifuta uso na kanga. Luhende alikaa chini, akaomba aelezwe ule wimbo ulikuwa unasema nini. Pudensiana akamtafsiria: aliyetoa amezaa ndugu, zizi lake lisikauke, jina lake litajwe na wasiomjua. Mzee akauliza kama hata ile mikono miwili na kiti cha mgongo vilikuwa kwa ajili hiyo. Akaambiwa ndiyo.

"Nimeweka ng'ombe kwa watu tangu ujana wangu," Luhende akasema. "Wengine wamewala. Wengine wameniambia amekufa, wakanionyesha ngozi ya ng'ombe nisiyemjua. Wengine wamewatunza vizuri, nimewafuata, nimewahesabu, tumeagana. Wa kuniletea kwa wimbo sijawahi kumwona."

Akainuka, akaichukua kamba ya mtamba kutoka mikononi mwa Pudensiana.

"Huyu nimempokea kama ulivyomleta. Kakese haendi, atabaki kwangu. Dume amemsomesha muuguzi wetu, sitaki kusikia habari zake tena, na wewe Mwandu usinisemeshe. Ndama nitamchukua, mahari haijatimia, mnisamehe. Lakini mama yao nakupa. Nakupa kama kwenu mnavyotoa. Nyie wote mmesikia."

Namshukuru Mungu nilikuwepo nikauona uso wa mama yule. Alipiga magoti, akapokea kwa mikono miwili mitupu, maana ng'ombe mwenyewe alikuwa nyumbani anatafuna majani wala hana habari. Wanawake tukapiga vigelegele. Nashon alikuja kumwinua, akamwita mama. Nami nikajiambia, mwanamke huyu aliyekuwa akinichosha na maharage yake ametufumbua macho kuhusu desturi ambazo sisi wote tuliokutana Mpanda, Wabende wenye nchi na wakuja kutoka kila upande, tumekaa nazo miaka bila kuulizana.

Pudensiana alijifuta machozi, akajifunga kitenge upya, na uso wake ukarudia ule ukali wake wa mtu mwenye kazi ya kufanya.

"Sasa mzee ujiandae," akasema. "Umenipa leo. Akizaa jike tena, nitakuja nalo."

Luhende alimtazama, akamtazama mkewe, akaanza kucheka taratibu mpaka mabega yakatikisika.

"Mama Leticia," akasema, "na mimi nikilipokea itabidi nikupe tena. Sasa mambo haya tutayamaliza lini?"

"Tuyamalize ili iweje, mzee?"

Nyamizi alileta vikombe, nikafungua dumu, na wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Mwandu.