Kichaka Karibu na Jiwe

Harufu ya majani makavu yanayofukiwa udongo bado inanitia aibu. Wengine wakiinusa hukumbuka maharage machanga. Mimi humkumbuka Otilia, nami ni mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Tulikuwa darasa la nne, huku juu Umatengoni, enzi za Mwingereza. Mwalimu Kapinga, aliyetufundisha somo la viumbe, alikuwa amerudi kutoka vitani na darubini iliyochubuka upande mmoja. Siku moja alikusanya manati zote za wavulana, akazitia kapuni, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo ndege hawaliwi, wanahesabiwa. Wavulana walinuna kama waliofiwa. Kila mtoto alitakiwa atafute kiota, asikiguse, aandike daftarini mayai ni mangapi, nani anayatamia, na makinda wanaletewa nini. Mwenye daftari bora angekaa na darubini wiki nzima, aende nayo mpaka nyumbani.

Niliitaka darubini ile kuliko gauni la Pasaka.

Kiota changu kilikuwa cha mnana, kwenye matete ya mtoni. Dume alisuka siku tatu, jike akaja, akakagua ndani na nje, akaenda zake. Dume akafumua, akaanza upya. Jike akakataa tena. Daftari langu likawa habari za mposaji asiye na bahati, na nilipolisoma darasa zima lilicheka. Otilia, tuliyekaa naye dawati moja, yeye alikuwa na kiota cha chini kabisa, kwenye majani ya shamba lao, cha ndege mdogo wa kahawia ambaye hata jina hatukulijua. Mayai matatu, kisha makinda watatu. Aliandika kwamba mama yao hatui kiotani moja kwa moja. Hutua mbali, halafu hutembea chini chini ili asionekane. Mwalimu aliisoma sentensi hiyo mara mbili.

"Huyu ana macho," alisema.

Wivu ulinipanda mpaka masikio yakawaka. Macho! Kwani mimi nilikuwa na nini usoni? Na kama hiyo haikutosha, akasema Jumatatu Otilia angekabidhiwa darubini.

Jumamosi ikawa zamu ya majirani kulima shamba la kina Otilia. Baba yake alikwisha kufyeka majani na kuyalaza kwa miraba, kama tufanyavyo kwetu. Kazi ya akina mama ilikuwa kuchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo, hadi mteremko mzima uwe mashimo ya ngoro yenye matuta kandokando, tayari kwa maharage. Mwenye shamba halimi siku hiyo. Hubaki nyumbani na binti zake wakiwapikia wanaolima. Ndiyo maana Otilia alinidaka njiani asubuhi, mikono yake imejaa unga.

"Agata, ndugu yangu, baba aliniachia kichaka kidogo pale karibu na jiwe. Waambie akina mama wasikiguse. Jumatatu tutatazama wote wawili."

Nikaitikia kwa kichwa.

Nilimfuata mama, nikipanda maharage nyuma ya jembe lake. Tulipofika penye jiwe alinyooka, akashika kiuno.

"Hiki kimeachwa cha nini?"

Nafasi ya kusema nilikuwa nayo. Alijipangusa jasho, akanisubiri.

"Sijui, mama."

"Wanaume hawa wanafyeka huku wamelala," alisema, akashusha jembe. Ndege wa kahawia akaruka. Nilidondosha mbegu zangu juu ya udongo ule, mbilimbili, nikafukia kwa mguu.

Mchana tulikula kwao. Otilia alipita na jagi akitunawisha, na alipofika kwangu mama alikuwa akiwachekesha wenzake.

"Kichaka kizima karibu na jiwe! Nikamwuliza Agata, eti naye hajui cha nini."

Maji yaliendelea kumiminika mikononi mwangu, taratibu, wala hayakukatika. Nilimshukuru Mungu kwamba Otilia hakusikia.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa.

"Kiota kimefukiwa, Mwalimu."

"Hukuwaonya?"

"Sikwenda shambani, Mwalimu."

Akakaa. Wiki hiyohiyo jike wa mnana alikubali nyumba, na darubini ikaja kwangu.

Nilikwea ng'ambo ya bonde, nikaielekeza shambani kwa kina Otilia. Ndege wa kahawia alitua mbali. Akatembea chini chini, panzi mdomoni, mpaka kwenye tuta la maharage yangu. Akasimama. Akazunguka jiwe, akarudi palepale, akasimama tena na panzi wake. Kesho yake niliirudisha darubini, nikamwambia Mwalimu inaniumiza kichwa.

Otilia alikaa nami dawati moja mpaka tukamaliza shule, na kile kichaka hakukitaja kamwe. Miaka mingi niliamini anadhani nilisahau tu.

Kisha nikaolewa. Siku moja, bado bibi harusi mgeni, nilikuwa nikiwanawisha wageni wa mume wangu, nikamsikia wifi akimnong'oneza mwenzake jambo juu yangu, jambo baya. Nilisikia kila neno. Nikatazama jagi mkononi mwangu. Maji yalikuwa yakimiminika taratibu, wala hayakukatika.