Mama Festo mbele ya kamera yangu

Leo kamera imenishinda, na mnajua mimi sishindwi kirahisi.

Nilikuwa kijijini Kalenga, Iringa, kwenye maziko ya baba yake rafiki yangu Festo. Festo yuko Dubai kikazi, bosi kamnyima ruhusa. Akaniambia, "Kaka, nirushie laivu, nimzike mzee hata kwa macho."

Nikatamba pale! Kamera mpya, maiki mbili. Wale wa kurekodi kwa simu nikawaambia wakae pembeni.

Jeneza linaanza kushuka, mtandao ukakata. Festo akapotea. Nikaendelea kurekodi tu, ningefanyaje?

Mara mama yake akaja, akasimama mbele ya lenzi kabisa. Anaamini mwanaye anamwona, akamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, Festo. Umemwona baba yako? Tumemvalisha lile koti ulilomtumia. Usijilaumu, mwanangu."

Akanigeukia. "Anasemaje?"

Jamani. Mimi, mdomo wote huu mnaoujua, nikachungulia skrini; mtandao bado.

Nikajibu, "Analia, mama."

Akashusha kitenge cha begani, akaanza kuifuta lenzi. Taratibu, kama anafuta uso wa mtoto.

"Nyamaza, baba. Nyamaza."

Watu wakanitazama wakitaka niitoe kamera. Sikuitoa. Nikaishikilia mpaka alipomaliza mwenyewe.

Sasa niko stendi ya Iringa mjini, mtandao umerudi. Festo kapiga mara moja tu, anauliza kama mama alisema chochote.

Video ninayo. Nyie wenye ujasiri, niambieni: mtu yuko peke yake ugenini, unamtumiaje kitu kama hiki?