Aliniomba Nimsemee Kwenye Kamati ya Bima, Nikajisemea Mwenyewe

Admin, jina langu lifiche na la skuli pia. Huyo ninayemzungumzia nitamwita Khala Mwanaidi, ingawa sivyo anavyoitwa; khala kwetu ni kama kusema mama mdogo.

Nina miaka ishirini na tisa, mke wa mtu, mama wa watoto wawili, tunakaa Mabela. Mdogo ana miezi mitano, kalala hapa mapajani pangu, ndiyo nimepata mwanya wa kuandika. Usomi sina mkubwa. Ni karani wa ofisi katika kampuni yenye skuli tatu hapa Maskati.

Kila mwaka kampuni inawanunulia bima ya afya wafanyakazi wa skuli zote tatu kwa pamoja. Dalali wa bima analeta ofa, kamati ya watu watatu inachagua: mudir, yaani meneja wetu, mhasibu, na mtu mmoja wa kuwasemea wafanyakazi. Mwaka jana nikatiwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kuwauliza watu wanahitaji nini, kisha nikayafikishe.

Nikatuma maswali kwa simu. Walimu walijibu. Wanawake wanaokaa na watoto ndani ya mabasi ya skuli hawakujibu hata mmoja, maana maswali yalikuwa kwa Kiarabu na Kiingereza, na wengi wao ni wageni kutoka Tanzania na Kenya. Nilijua. Nikasema nitawafuata, sikuwafuata.

Khala Mwanaidi akanifuata mwenyewe. Ni mtu wa Tanga, makamo ya mama yangu, ndiye anayempakia binti yangu mkubwa kwenye basi la skuli na kumfunga nywele zikifumuka. Akanivuta pembeni.

"Mwanangu, nasikia mnachagua bima. Mie nina sukari, mwaka wa sita huu. Usinitaje jina, wakijua mgonjwa watanirudisha kwetu. Sema tu wapo wenye maradhi ya zamani, wanahitaji dawa. Nisemee."

Nikamwambia, "Khala, hilo niachie mimi."

Siku ya kamati zilibaki ofa mbili. Moja inalipia maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya bima, lakini uzazi haumo. Ya pili inalipia uzazi, chumba chako peke yako katika hospitali ya binafsi, lakini maradhi ya zamani haiyagusi. Mudir akanigeukia. "Binti, wewe ndiye mdomo wao. Wanataka nini?"

Nilikuwa na mimba ya miezi miwili. Hajui mtu ila mume wangu.

Mimi ni raia wa hapa Omani jamani. Hospitali ya serikali ingenizalisha vizuri tu, na wa kwanza nilimzalia huko. Lakini nilikumbuka zile siku za wodini, pazia tu baina yangu na wenzangu, saa ya wageni ikisha mama anaambiwa atoke na mimi nabaki nalia. Nilitaka safari hii alale pembeni yangu. Basi hilo tu.

Nikasema, "Wengi ni wanawake vijana. Wanataka uzazi."

Tukatia saini. Na kuna karatasi ndogo kila mjumbe anaijaza, kwamba katika uamuzi huu hana maslahi yake mwenyewe. Niliijaza pia.

Kadi zilipotoka, Khala Mwanaidi alikwenda nayo kliniki, akarudi anacheka. "Wameniambia sukari haimo. Kadi yangu inatibu mafua tu. Basi nikizidiwa nitapiga chafya." Kisha akanishika mkono. "Usisikitike. Najua ulinipigania, wakubwa hawasikii. Mungu akulipe."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikanyamaza.

Nilizaa katika chumba changu, mama kalala pembeni. Arubaini ilipotimia, Khala Mwanaidi akaja na kanga na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, akamkanda mtoto miguu. "Huyu kazaliwa kama mtoto wa waziri," akamwambia mama. Alikuwa amevaa ndara, kidole gumba kimefungwa kitambaa. Nikamuuliza. "Kiatu kilinibana tu." Baadaye akakiri kwamba dawa analetewa na watu wanaotoka Tanga, na zikichelewa anaruka siku.

Alipoondoka nikamweleza mama yote. Akaniambia, "Mungu kakusitiri, unajivua nguo ya nini? Tubu, ufunge mdomo." Nikamjibu, "Mama, dhambi yangu na Mungu ningeitubia peke yangu. Hii ni haki ya mtu, mwenyewe hajanisamehe kwa sababu hajui." Mama akasema, "Utamvunja moyo bure," akaenda kuswali.

Sasa mkataba unakwisha. Jumapili kamati inakaa tena, na mimi nimo. Safari hii nimewafuata wanawake wa mabasi mmoja mmoja, kwa Kiswahili, na nimekuta Khala Mwanaidi hayuko peke yake. Nitawasemea bila kutaja majina, na ile karatasi ya maslahi nitamwambia mudir kwamba mwaka jana niliijaza kwa uongo. Akinitoa anitoe. Hayo sikuulizeni, nimeshaamua.

Ninachouliza ni kuhusu Khala Mwanaidi. Kila asubuhi ananipungia mkono dirishani kwenye basi, mwanangu kakaa pembeni yake. Kila akinambia Mungu akulipe, nashindwa kuitikia amina. Nikimwambia, nitapoteza mtu aliyenipenda kama mzazi, na labda nitamwongezea maumivu mgonjwa. Nisipomwambia, ananiombea dua kwa jambo ambalo sikulifanya.

Nishaurini ndugu zangu, nianzeje kumwambia, au nisubiri kwanza apate dawa? Ila msiniambie ninyamaze. Kunyamaza nimeshanyamaza mwaka mzima, na kidole chake hakijapona.