Kukhu Alipoitwa na Marehemu

Nilipokuwa bado mtoto, kwetu Jericho, mtaa wa Nairobi, ilijulikana kwamba mzee akianza kuzungumza na marehemu, ameitwa. Hapewi dawa, maana dawa humchelewesha njiani na kumtesa. Hurudishwa nyumbani, Bungoma, akafie kwenye boma lake. Hayo hatukuyasikia kanisani, lakini hata wazee wa kanisa waliyaamini.

Mwaka mmoja Kukhu, mama yake baba, alikuja kukaa nasi baada ya mavuno. Alikuwa mwenye maneno makali na mikono isiyotulia. Hata kabla hajazoea nyumba, aling'oa maua ya mama akapanda sukuma wiki. Kisha asubuhi moja akakataa chai. Mchana akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Nilipomwambia mimi ni Nekesa, alinitazama kwa huruma, kama anayesikia uongo wa mtoto.

"Msogezee babu yako kiti," akasema. "Amesimama muda mrefu."

Babu alikuwa kaburini tangu nikiwa darasa la pili. Nilisogeza kiti, nikamkimbilia mama jikoni.

Mama alimgusa Kukhu paji la uso: hakuwa na joto. Hakukohoa, wala hakulalamika maumivu popote. Basi haukuwa ugonjwa. Baba alipotoka kazini kwenye reli, alisikiliza yote bila kuvua koti, akasema hata babu alianza vivyo hivyo, nao wakamwacha aende kwa heshima. Kesho yake angekata tiketi ya basi. Majirani wakaja kuimba nyimbo za kumuaga. Kukhu alilala macho nusu wazi, akivuta pumzi fupi fupi kama aliyepanda ngazi. Mimi niliagizwa nikae naye, nisijibu lolote atakaloniuliza kuhusu babu, nisije nikaitwa pia.

Jioni hiyo hiyo alifika Shangazi Nafula, dada yake baba, kutoka soko la Kariokor alikokuwa akiuza viatu. Hakuketi. Aliweka kiganja kwenye kifua cha mama yake, akakiacha hapo kitambo.

"Baba Nekesa, huyu hapumui vizuri."

"Ameitwa, Nafula. Usimsumbue."

"Kama ameitwa, ataitika akiwa hospitali."

Baba hakupenda, ila hakumzuia alipomfunika mama yao shuka na kwenda kumwomba jirani mwenye gari.

Ilikuwa nimonia. Daktari alimweleza baba kwamba ugonjwa ule ule unaomletea kijana homa kali na kikohozi, mzee unaweza kumjia kimya, bila joto, na dalili ya kwanza ikawa kuchanganyikiwa. Kukhu alitibiwa, akarudi kwetu amekonda, akili zake timamu, akidai chai.

Tulifurahi sote isipokuwa baba. Siku hiyo alimfuata shangazi nje, nami nikamsikia akimwuliza polepole, "Na baba yetu je?" Shangazi alitazama chini.

Leo baba mwenyewe ameufikia umri wa babu. Juzi, tukiwa tumekaa tu, aliniambia kwamba akianza kumwona baba yake, nimpeleke hospitali kwanza. Nimemwahidi. Sidhani waliotuachia imani ile walikuwa wajinga. Waliwaona wazee wao wakizungumza na wafu, kisha wakifa, wakatafuta namna ya kustahimili. Lakini usingizi ukinipaa, huwafikiria wale wote tuliowaimbia nyimbo za kuwaaga, nao labda walikuwa wagonjwa tu.