Wavu wa Mama Ayelpoka

Wifi yangu Akolpoka hajui kukaa. Ukimpa kigoda atakikalia nusu, na kabla hujamaliza kumwuliza habari za watoto ameshasimama, anafunua chungu chako, anasogeza kuni, anauliza kwa nini kanga wako wanapiga chafya. Ameolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa Sumbrungu, lakini tangu mama yao afariki ni kama amerudi kwao. Mimi nimeolewa na kaka yake, Asakiya, na mimi ndiye mwenye guta la magurudumu matatu linaloleta nyasi za kusukia kutoka soko la Bolga. Kwa hiyo wifi akikosa raha, mimi ndiye ninayekosa usingizi wa mchana, maana usafiri ni wangu.

Kusuka vikapu ndiyo kazi yetu hapa. Unapasua jani kwa meno, unalisokota viganjani mpaka likaze, unalichemsha kwenye rangi, unaanza kitako, unapanda. Hakuna mkono mzuri kuliko wa Akolpoka kuanzia kwetu hadi barabara ya Navrongo, na nasema hivyo huku nikiwa sipendi kumsifia wifi yangu. Lakini kwa miaka kumi na miwili wanunuzi walitaka kikapu kile kile: mviringo, chungwa, kijani, zambarau, kipimo cha kijiti kile kile. Akasuka. Mama yao alipokufa, mikono ikagoma. Alikuwa anaanza kitako, anapandisha kimo cha vidole vitatu, anakitazama, anakifumua.

"Kina kasoro gani?" nilimwuliza siku moja.

"Hakina kasoro. Kimekufa tu."

"Kikapu kinakufaje, wewe?"

"Ungekuwa unajua kusuka ungeiona maiti yake."

Huyo ndiye wifi yangu. Nimezaa watoto wanne kwao na bado ananiambia sijui kusuka.

Sasa, kilichokuwa kinamtafuna ni wavu. Kila mwanamke wetu ana wavu wa vibuyu vyake, unaning'inia darini chumbani kwake, kibuyu juu ya kibuyu, na kile cha juu kabisa kina mambo yake ambayo hata mume hatii mkono. Wavu hushushwa mara moja tu: siku ya matanga ya mwisho. Vibuyu vinavunjwa njia panda na wavu unachomwa. Mama Ayelpoka, mama mkwe wangu, alikufa wakati wa mvua za mwaka jana, na wazee walikuwa wamepanga matanga yake baada ya mavuno. Zilibaki wiki tatu. Wavu ule ulisifika. Mafundo yake yalikaa manne manne, ukivuta moja yanabana yote, na hakuna aliyewahi kumwona akiufunga. Akolpoka alitaka kujua mama yake aliufungaje kabla haujawa majivu. Hakutaka kingine duniani, wala kula vizuri hakutaka.

Kuugusa hakuruhusiwa. Akawa anakuja kwetu kila asubuhi, anaingia chumba cha mama yake, analala chali sakafuni na kamba mkononi, anatazama juu na kujaribu. Mafundo ya katikati aliyapata kwa siku tano. Ya juu akayapata. Mwanzo ndio ulimshinda. Wavu huanzia chini kabisa, kwenye kitako, na hapo kamba zilikuwa zimepandana tabaka kwa tabaka, nyeusi kwa moshi wa miaka arobaini. Huoni kitu.

Siku ya sita akatoka na vumbi mgongoni.

"Talata, washa guta."

"Twende wapi?"

"Sijui. Kuna mtu mahali fulani anajua."

Asakiya alikuwa ananoa panga kivulini. Hakuinua hata macho. "Mpeleke," alisema, "la sivyo atatumaliza humu ndani."

Tulianza na kijiji kimoja mbele ya Kandiga. Tuliambiwa kuna bibi anaitwa Awinpanga, naye wavu wake una mafundo manne manne. Harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, ilikuwa imeanza, vumbi limefunika barabara, nami nimejifunga kitambaa puani. Tulipokelewa vizuri, tukaletewa maji ya unga kwenye kibuyu kama wageni wa heshima. Wifi yangu hakusubiri hata kumeza.

"Mama, shikamoo. Tunaomba utushushie wavu wako tuuone."

 Mwanamke aliye hai humwambii ashushe wavu wake. Ni sawasawa na kumwambia safari njema ya kaburini. Kila mtoto wa kike kwetu anajua hilo, na Akolpoka anajua kuliko wote, maana alikuwa hawazii kingine.

Bibi aliweka chini mwiko wake, kisha akaufikiria tena, akauokota.

"Mmetumwa na nani? Na mke mwenzangu?"

"Hapana Mama, nilitaka kusema—"

"Mwambieni aanze kuchimba la kwake! Namzika yeye kwanza!"

Mwiko ulikuwa na ugali wa moto. Wifi aliinama, mimi sikuinama. Niliwasha guta nikiwa na ugali sikioni, na wajukuu wa yule bibi wakatukimbiza hadi kwenye shamba la mtama.

"Nilimaanisha tuuangalie tu," alisema Akolpoka tulipofika salama.

"Si ungesema tukauangalie huko huko juu!"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya nini? Wavu una miguu?"

"Una siku kumi na tano," akasema.

Kesho yake tulirudi na kokwa za kola na jogoo vya kuombea radhi, tukapiga magoti uani. Awinpanga alituacha hapo mpaka magoti yakaingia changarawe, kisha akacheka hadi akashika mbavu. Alituruhusu kuingia. Wifi akalala chali chini ya wavu wa watu, bibi kakaa pembeni anamtazama.

"Mwanzo wa huu uliuanzaje, Mama?"

"Kwa namna yangu."

"Nifundishe."

"Nikufundishe wa kwangu ukakusaidie nini? Kila mwanamke anaanza anavyojua. Hilo fundo la mama yako siwezi kukupa, mwanangu. Silijui."

Mtu mwingine angerudi nyumbani. Sisi tukaenda Sirigu. Huko wanawake walikuwa wanapaka kuta zao upya, wanasugua lipu kwa mawe ya mtoni, wanatia rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ukuta mmoja ulikuwa umechorwa nyavu kutoka ardhini hadi darini. Akolpoka aliruka kutoka kwenye guta kabla sijasimama. Alikaa pale tangu asubuhi hadi jua likawa kichwani, akiwasumbua: mstari huu unaanzia wapi, huu unapita juu au chini. Mwanamke mmoja mwenye rangi hadi viwikoni alimwambia, "Dada, huu ni ukuta. Hauna chini yake." Wakamcheka. Hakujali. Alichukua kamba mfukoni, akafunga vile walivyochora, akaining'iniza kwenye chuma cha guta langu. Ilikuwa nzuri. Niliona kabisa kwamba kingetoka kikapu ambacho hakuna aliyewahi kukisuka, nikamwambia.

"Baadaye," akasema. "Endesha."

Tukapita kwa washona ngozi wanaofunika mishikio ya vikapu, akajifunza namna wanavyoficha ncha ya uzi. Kamba ya pili ikaning'inia. Tukaenda hadi Paga, ambako mwanamume mmoja anayeitwa Ayamdoo alikuwa amepakia kanga thelathini kwenye baiskeli, ndani ya tenga lenye mdomo wa wavu.

"Simama!" wifi alipiga kelele, nami karibu niingie mtaroni.

"Kanga wameshanunuliwa," Ayamdoo alisema.

"Sitaki kanga. Nataka mdomo wa tenga lako."

Alinigeukia mimi. "Huyu dada yako mzima?"

"Ni wifi yangu."

"Pole sana."

Lakini alimfundisha. Alishuka, akakaa barabarani na kanga wakimpigia makelele, akamwonyesha fundo linalokaza mnyama akisukuma. Mafundo yalikaa manne manne. Akolpoka alishika mdomo wa tenga kwa mikono miwili.

"Nani alikufundisha?"

"Marehemu mama."

"Na mwanzo? Alianzaje?"

"Mimi naanzia kwenye duara la mti, si unaona? Wavu wa mama tuliuchoma, nami sikuuangalia." Akaukaza tena mdomo wa tenga. "Sikuwahi kufikiria kuuangalia."

Tukashika njia ya kurudi. Chuma cha guta kilikuwa na kamba kumi na moja, kila moja na ufundi wake, na mwenye kuzifunga alikuwa amekaa nyuma amekunja uso. Nilikasirika kweli. Nilisimamisha guta katikati ya barabara.

"Akolpoka, tazama hizi kamba. Ukisuka hata mbili tu Bolga nzima itapiga foleni mlangoni kwako. Unatafuta nini tena?"

"Nikikaa kusuka," alisema, "nawaza kwamba yeye alijua kitu ambacho mimi sikijui. Alikaa pale, akachukua kamba, akajua pa kuanzia. Mimi nikishika jani sijui. Nimefuata kijiti cha watu miaka kumi na miwili, Talata. Sijawahi kuanza kitu."

Nikawasha guta.

Siku ya matanga ilifika. Pombe ya mtama ilichachuka vizuri, ngoma zilikuja hata kutoka kwa koo za mbali, vumbi likapanda. Mchana ulipofika, Mama Tampoka, magajia wetu, mkuu wa akina mama, aliingia chumbani na wazee wenzake, wakaushusha wavu na kuutoa hadi njia panda. Moto ulikuwa umeshawashwa. Magajia akampa Akolpoka wembe, kwa kuwa yeye ndiye binti mkubwa. Ndivyo inavyofanyika siku zote: unakata wavu mara mbili tatu, vibuyu vinatoka, vinavunjwa, watu wanarudi kwenye pombe.

Akolpoka aliutazama wembe. Akautazama wavu, ambao sasa ulikuwa mapajani mwake kwa mara ya kwanza maishani. Akaurudisha wembe.

"Nitaufungua kwa mkono."

"Utaufanya nini?" magajia akauliza.

"Nitaufungua. Fundo kwa fundo."

"Mwanangu, hii ni kazi ya hadi jioni. Watu wanasubiri!"

"Kuna mwiko?"

 Magajia aliwageukia wazee wenzake, nao wakatazamana. Hakuna aliyeukumbuka mwiko wowote. Tangu zamani watu walikuwa wanakata kwa sababu tu ni haraka.

Kelele zikaanza. Mpiga ngoma mmoja akasema mkono wake umekufa ganzi. Shangazi yao akasema huu ni wazimu wa vikapu, aliuona tangu Akolpoka ana miaka saba. Mume wangu akanikonyeza nikamtulize dada yake. Nilisogea, ndiyo, lakini niligeuka nikawapa mgongo wifi yangu na moto, nikawatazama wote.

"Mwenye haraka anywe pombe," nilisema. "Ipo ya kutosha. Nimeipika mimi."

Akolpoka alimwagia kamba maji, akaanza. Mafundo ya juu aliyajua. Yalifunguka upesi, safi, yamekaza sawasawa. Kibuyu cha kwanza kikatoka, magajia akakivunja bila kukichungulia. Wifi akashuka. Palipogoma alitumia meno, kama anavyopasua nyasi, na midomo yake ikawa myeusi kwa masizi. Kibuyu cha nne, cha tano. Hapo nikaona vidole vyake vinapunguza kasi.

"Talata," aliita bila kuinua kichwa. "Njoo uone."

Mafundo yalikuwa yanaharibika. Ya manne manne yalikwisha, yakaja ya matatu, mengine yamelegea, mengine yamerudiwa mara mbili na mtu aliyekosea. Mama yao alikuwa ameongeza wavu mwaka hadi mwaka, kadiri vibuyu vilivyoongezeka, na sasa tulikuwa tunarudi nyuma. Kibuyu cha saba, cha nane. Ngoma zilikuwa zimenyamaza zenyewe, na wanawake walikuwa wametuzunguka, hata yule shangazi. Kamba ya chini kabisa ilikuwa imesokotwa vibaya, nene hapa, nyembamba pale. Kibuyu cha mwisho kikatoka, kidogo, cha kuchotea maji. Likabaki fundo moja.

Akolpoka alilifuta kwa kidole. Alilitazama muda mrefu.

"Ni la kufungia mbuzi," alisema.

Lilikuwa lenyewe, fundo la mbuzi, lile analofunga mtoto yeyote malishoni.

"Ulitegemea nini?" Magajia aliinama, akamshika bega, na sauti yake haikuwa tena ya kuamrisha. "Mimi na yeye tuliolewa hapa mwaka mmoja. Alikuja hapa ana miaka kumi na sita, analia, hajui hata kupika mboga ya mlenda. Alifunga alichokijua."

Wifi yangu hakulia siku mama yake alipokata roho, wala siku tuliyomzika. Sasa alilia hadi kamasi zikamtoka, na huku analia alikuwa anacheka, anatuonyesha lile fundo, mmoja mmoja, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Kisha akalifungua. Akaikusanya ile kamba yote, ndefu, haina umbo tena, akaenda nayo mwenyewe hadi motoni, akaitia.