Waya Priscah na Bahasha ya Benki

Nilikuwa Isebania, nimeinama juu ya cherehani, Liz aliponipigia simu kutoka hospitalini Homa Bay. Hakulia. Alisema tu, "Dada, Mama amepumzika. Alinishika mkono mpaka mwisho."

Niliacha gauni la mteja likiwa na mkono mmoja, nikapiga magoti pale pale kwenye vitambaa. Nililia, halafu nikamshukuru Mungu. Figo zilikuwa zimemtesa sana, na sasa mateso yamekwisha. Tena nilijua anarudi kwenye nyumba yake mwenyewe. Hiyo nyumba ndiyo nataka kuieleza, maana ilibaki kidogo isijengwe.

Mama yake Liz, Priscah Awino, alikuwa dada ya baba yangu. Kwetu shangazi wa namna hiyo tunamwita waya. Aliolewa Muhuru Bay, akaanika na kuuza omena, dagaa wa ziwani, maisha yake yote. Mumewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipofariki, alimwacha waya katika nyumba ya udongo iliyoegemezwa magogo ili isianguke. Waya alifuatilia malipo ya mjane kwa miaka, ofisi hii na ile, mpaka yakaingia benki.

"Siku yangu ikifika," alikuwa akiniambia, "sitaki kulazwa chini ya turubai la kukodi kama mgeni." Kwetu maiti hulala nyumbani kabla ya kuzikwa, na mwanamke huzikwa upande wa kushoto wa nyumba yake. Pesa zile alizipangia nyumba, si kitu kingine.

Wakati huo nilikuwa nikiishi naye, na kanisa letu la Muhuru lilikuwa na sanduku moja la posta, Migori mjini, na karibu kila familia ilitumia anwani hiyo. Shemasi wetu, Duke, alileta barua na kuita majina baada ya ibada. Mwenyewe asipokuwepo, mtu mwingine alimchukulia. Hakuna aliyeona ubaya. Kumchukulia mwenzako barua ulikuwa wema, kama kumwanulia omena mvua ikianza.

Jumamosi moja waya alirudi kutoka Homa Bay, alikokwenda kumtembelea Liz, akanipa simu nimsomee ujumbe wa benki. Kadi yake ilikuwa imetumwa kwa posta, na namba ya siri ingefuata katika bahasha nyingine. Tukaenda kwa Duke.

"Duke, kadi yangu iko wapi?"

"Shemeji yako alikuchukulia Jumapili iliyopita, Mama Liz. Yule wa Mbita, mwenye tai."

"Shemeji zangu wote wako hapa Muhuru," waya akasema, "na hakuna hata mmoja mwenye tai."

Duke akakaa chini. "Lakini alibeba Biblia."

"Kunguru naye hubeba samaki. Amevua?"

Tulipiga simu benki papo hapo. Msichana aliyepokea akamwuliza maswali, akaifunga kadi, akamwambia afike Jumatatu na kitambulisho. Kama pesa zilikuwa zimeguswa au la, hayo hakutaka kuyasema kwenye simu. Tukarudi kwake pamoja na Duke. Waya aliizunguka ile nyumba yake ya udongo, akashika gogo moja kana kwamba analipima nguvu, kisha akasema tuombe.

Tulipomaliza kuomba, Duke akakumbuka kwamba bahasha ya pili alikuwa ameshaileta. Ilikuwa ndani ya mkoba wake.

"Kesho ita majina kama kawaida," waya akamwambia. "Yule mtu hanijui. Siku ile sikuwepo."

Mtu mwenye tai alikuja kweli. Alikaa nyuma, na "Amina" yake ilizidi za wazee wote. Ibada ilipokwisha Duke akaita, "Priscah Awino!" Waya hakuinuka. Yule mtu akainuka.

"Nipe mimi, nitamfikishia shemeji. Hajisikii vizuri."

"Pole yake," waya akasema kutoka benchi la mbele. "Anaumwa nini?"

"Miguu, mama. Hata kusimama hawezi."

Waya akasimama.

Kanisa zima liliangua kicheko kabla hata ya kukasirika. Vijana walimzingira yule mtu mlangoni wakitaka kumpiga, waya akawakataza. "Si ndani ya nyumba ya Mungu, wala nje yake." Kadi ilikuwa ndani ya Biblia ya yule mtu, katikati ya Zaburi. Askari wa kituo walikuja wakamchukua.

Jumatatu tulikwenda benki. Pesa zote zilikuwepo; mwizi alikuwa anangoja namba. Waya aliweka paji la uso kwenye kaunta akalia, mpaka mlinzi akamletea maji.

Tangu hapo, kanisani barua ilitoka kwa kitambulisho tu, hata ya mchungaji. Barua ikichelewa, waya alimhimiza mwenye barua akaulize ilikotoka, asikae akingoja. Alikataa pia kufungia omena katika karatasi za benki kama tulivyozoea, alizichoma jikoni. Sokoni wakampa jina.

"Mama Kitambulisho!" Cephas, muuza samaki mwenzake, alimtania. "Omena hizi nazo zina kitambulisho?"

"Zinacho. Nusa."

Nyumba ilijengwa mwaka uleule: matofali, mabati ya buluu, mlango wa chuma. Aliishi humo kwa amani, akifagia ua kila asubuhi hata pasipokuwa na takataka.

Ijumaa tulimleta kutoka Homa Bay. Jeneza lilipita katika mlango wake, likawekwa sebuleni, na wanawake wa kanisa wakaimba pembeni yake. Kesho yake asubuhi Duke alisoma kadi za rambirambi. Hakuziacha mezani. Kila bahasha aliiweka mikononi mwa Liz, akingoja aishike ndipo aiachie. Mchungaji alisoma maneno ya Bwana kwamba nyumbani mwa Baba yake mna makao mengi, akaomba. Tulimteremsha kaburini upande wa kushoto wa nyumba yake. Liz alitupa udongo wa kwanza, nami nikafuata. Vijana wakamalizia kwa majembe, tukaimba wimbo mmoja, kisha tukanawa mikono.